Mafua ya Njombe, uji wa pilipili manga na sufuria iliyonimwagikia

Naandika hapa nina soksi jozi mbili, blanketi mabegani, chupa ya chai pembeni, saa tatu usiku, Njombe, mwezi wa saba. Leo siku ya tisa tangu mafua yanikamate na ndo kwanza tundu moja la pua limekubali kufunguka, la pili bado linajishauri. Sauti imerudi nusu. Darasani kuna watoto wananiita mwalimu chura wakidhani sisikii, nasikia, nawaachia tu maana hao hao ndo wameniambukiza, shule imefunguliwa wiki ya kwanza tu nusu ya darasa linavuta kamasi na madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi, sasa hapo mwalimu unatokaje salama?

Mi mtu wa Tanga jamani. Kwetu ukisikia mtu anasema leo baridi ujue kajitanda kanga asubuhi wakati anafagia uwanja, ikifika saa tatu kaivua. Njombe iko juu huku kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba ukitoka nje alfajiri mdomo unatoa moshi kama unavuta sigara, na maji ya bomba ukiyashika yanakung'ata vidole. Mwaka wa tatu huu niko huku kikazi na kila mwaka majira kama haya lazima nilale. Kwahiyo nimekuwa mtaalamu wa kuumwa mafua. Sio wa kutibu, wa kuumwa, na hiyo tofauti ndo imenifanya niandike.

Maana nilivyoweka tu stetasi kwamba naumwa, dawa zikaanza kumiminika. Mmoja kaniambia tafuna saumu punje saba asubuhi kabla hujaongea na mtu. Mwingine kachemsha mwarobaini kwa maneno, akanitumia na voisi dakika nne. Mwingine, mtu mzima na akili zake, eti nilambe mafuta ya taa kijiko kidogo tu, kifua kitafunguka. Weee. Mafuta ya taa yakiteleza yakaingia kwenye mapafu utapata ugonjwa ambao mafua utayaona ni mchezo, tena wazee wetu walikuwa wanawapa watoto, naomba hiyo tuiache ifie hapo hapo.

Nami nilijibu wote asante, afu nikampigia mama.

Lakini kabla ya mama, niseme kile ambacho wale wauza dawa wanaopanda kwenye basi na chupa zao hawatakwambia. Hamna kitu jikoni kwako kinachoua kirusi cha mafua. Si tangawizi, si limao, si saumu, si milingoti, yaani mikaratusi. Mafua yanaletwa na virusi vya kila aina, vinavyoongoza vinaitwa rinovirusi na hao peke yao wako aina zaidi ya 150, ndo maana unapona leo, miezi miwili mbele unaumwa tena, mwili umeshamjua mmoja kumbe ndugu zake bado wako njiani wanakuja. Na baridi yenyewe haina kirusi, ila hawa jamaa wanastawi kwenye pua iliyopoa, kama nyuzi 33 hivi, afu na sisi baridi ikija tunajifungia ndani tunapumuliana. Kwahiyo mama akisema umepigwa baridi hajakosea sana, karuka hatua moja tu katikati.

Mafua ya kawaida yanaisha yenyewe, siku saba mpaka kumi, kikohozi kinaweza kubaki nyuma hata wiki mbili tatu kinaburuta. Hivi vitu vya jikoni ni vya kukuvusha. Ule usiku wa tatu ambapo huwezi kulala, koo limekuwa kama umemeza brashi ya kusugulia sufuria, hapo ndo unajua chai ya tangawizi ina kazi gani duniani. Mama kwenye simu akaniambia mwanangu subira yavuta heri, nikamwambia mama huku subira inavuta kamasi.

Ah, na maneno. Nina rafiki yangu Mkenya wa Voi, nikimwambia nina mafua ananiambia pole kwa homa, namwambia sina homa bana, joto langu liko sawa, ananiambia si umesema una homa, tunabishana mpaka salio linaisha. Kwao homa ndo hayo mafua, kwetu homa ni mwili kuchemka. Kwahiyo hapa nikisema homa namaanisha ya kwetu.

Haya tangawizi. Huku tunapata ile ya Madaba, iko barabara ya kwenda Songea, vipande vidogo vidogo vina nyuzi na vikali kuliko yale matangawizi manene yaliyooshwa yakang'aa. Kosa langu la miaka yote lilikuwa kukata vipande viwili vitatu natumbukiza kwenye maji, chai inatoka ina rangi tu. Mama mwenye nyumba wangu ndo alinifundisha. Unachukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, humenyi, unaosha tu unakwangua udongo kwa kijiko, unakiweka kwenye kinu kidogo na chembe ya chumvi ili kisirukeruke, unakiponda mpaka kinakuwa kama nyuzi za katani zilizolowa, ile harufu ikikupanda puani ukapiga chafya ya kwanza unajua imekubali. Maji vikombe viwili, chemsha moto mdogo dakika kumi mpaka yageuke manjano ya mawingu. Epua. Chuja. Subiri kidogo ndo ukamulie limao au ndimu na uweke asali mwishoni. Limao nalikamulia mwisho kwa sababu vitamini C haipendi moto, na asali naiweka mwisho sio kwamba ikichemka inageuka sumu kama wanavyotishana wasapu, ni basi tu harufu yake nzuri inaruka na mvuke. Yule wa Voi anasema kwao kinywaji hiki kinaitwa dawa tu, unaingia hotelini unaagiza dawa moja moto, unaletewa na bili. Kwetu ukiagiza hivyo watakuuliza unaumwa nini.

Asali ndo kitu pekee kwenye hii orodha yangu ambacho hata madaktari wanakiheshimu kwa sauti. Shirika la Afya Duniani liliitaja tangu mwaka 2001 kwenye vitu vya kutuliza kikohozi cha watoto, na Uingereza mwaka 2019 mwongozo wao uliwaambia madaktari kabisa, mtu akija na kikohozi cha kawaida aanze na asali kwanza, antibayotiki zisubiri. Kijiko kimoja dakika chache kabla ya kulala, unailamba taratibu ipake koo, usisukumie na maji. Kikohozi cha usiku kinatulia ukapata masaa mawili matatu ya usingizi, na usingizi nao ni dawa. Tafuta asali ya kweli, ya Tabora au Singida, kwa mtu unayemjua, maana ile ya kwenye chupa za maji inayouzwa stendi nyingine ni sukari imechemshwa ikaungua kidogo. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja HAPEWI asali. Hata kidogo, hata kwenye kidole, hata bibi akisema wewe ulipewa. Ndani yake kunaweza kuwa na vimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu ila la mtoto mchanga haliviwezi, vinamletea botulizimu, mwili unalegea mpaka anashindwa kunyonya na kupumua.

Sasa mama. Nilivyompigia akapokea nikasema shikamoo mama, ile kuitikia tu marahaba akanyamaza. Akasema "We mtoto umelala kifua wazi." Sijalala kifua wazi, nimelala na koti. "Basi umeoga maji ya baridi." Mama, Njombe hii nani anaoga maji ya baridi? Tukabishana hapo mpaka akakubali kwamba naumwa, akauliza una unga? Nina unga. Una pilipili manga? Sina. Kimya kirefu, nikasikia anahema, kama nimemwambia nimeuza shamba la urithi.

Siku tatu baadaye nikapigiwa simu kutoka stendi, kuna mzigo wako. Bahasha ya kaki, ndani kifuko cha nailoni, ndani pilipili manga za Amani, kule milimani juu ya Muheza, nzima nzima nyeusi zimekunjamana, na karafuu za kutosha ukoo mzima, na ndimu sita ambazo nne zilishaoza njiani zikalowesha bahasha. Nilikaa kitandani nikanusa ile bahasha. Yaani nilinusa kweli, siku ya nne ya mafua, pua imeziba kabisa, ile harufu ikapenya. Nikalia kidogo, sijui mafua sijui nini.

Uji wa pilipili manga watu wa pwani mnaujua, huo wa kufuturia. Mwezi wa Ramadhani nyumbani unapikwa na tui, mzito, mtamu. Wa mgonjwa ni tofauti, mama anaupika na maji tu. Unakoroga unga laini wa sembe vijiko vitatu kwenye maji ya baridi ili usifanye madonge, unamimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga bila kuacha, unaacha utokote dakika kumi na tano mpaka ule ubichi wa unga uishe. Pilipili manga punje kumi unazitwanga pale pale, usitumie ya pakiti iliyosagwa mwaka juzi, unatia pamoja na hiliki mbili, chumvi chembe, sukari kiasi. Ukishaepua ndo unakamua ndimu. Mwepesi, unaunywa kwa kikombe sio kwa kijiko. Kikombe cha kwanza kikifika katikati paji la uso linaanza kutoa jasho, afu pua inafunguka ghafla kama bomba lililokatiwa maji siku tatu, uwe na kitambaa karibu. Pilipili ndo kazi yake, inasumbua zile kuta za pua zinamwaga maji, kamasi nzito inalainika inatoka. Haikai muda mrefu, nusu saa pua inaziba tena. Lakini umekula, umekunywa maji, umepata joto, na mtu mwenye mafua asiyeweza kula kitu kingine chochote uji utapita.

Karafuu nilitafuna. Moja tu, unaiweka shavuni unaing'ata pole pole, koo linakufa ganzi kidogo. Ni ile ile kitu wanayotumia madaktari wa meno, yugeno, iko kwenye mafuta ya karafuu. Na maji ya chumvi, hii haina hadithi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua koo, tema, mara tatu nne kwa siku. Haina ladha wala harufu ya kuposti ila ndo iliyonisaidia zaidi siku mbili za mwanzo.

Nyungu sasa.

Si mnakumbuka 2020 na 2021 wakati wa korona nchi nzima ilivyokuwa inajifukiza, hadi watu waliokuwa hawajui mkaratusi ni mti gani walikuwa na sufuria maalum. Huku Njombe mikaratusi iko kila kona, wanaiita milingoti, mama mwenye nyumba akaniambia mwalimu mbona unateseka na dawa iko nyuma ya choo. Kamwene, kamwene, ndo salamu ya huku, akaingia na fungu la majani machanga, mchaichai na majani ya mpera, akachemsha mwenyewe, akaniachia sufuria inatokota akasema jifunike mpaka jasho litoke.

Mi kwa akili yangu nikaona kukaa chini sakafuni ni baridi. Nikaweka sufuria kwenye kiti cha plastiki, mi nimekaa ukingoni mwa kitanda, blanketi juu. Dakika mbili za kwanza raha tupu, nakwambia ile harufu inaingia mpaka kwenye ubongo. Afu kikohozi kikaja. Nimekohoa mara moja, mara ya pili kiwiko kimegonga mshikio, kiti kimeteleza, maji ya moto yote kwenye paja la kulia. Na nimejifunika blanketi kwahiyo hata kuruka siwezi, naruka nalo.

Nilipiga kelele mtaa mzima ukajua mtu wa Tanga kapatwa. Mama mwenye nyumba akaja mbio na dawa ya meno mkononi, anataka kunipaka. Nikamwambia hapana mama, maji. Nilikaa bafuni na lile bomba la Njombe linalong'ata vidole dakika ishirini nzima nikimwagia paja, meno yanagongana, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nikashukuru maji ya huku ni ya barafu. Hiyo ndo inavyotakiwa, maji ya bomba ya baridi dakika ishirini, usipake dawa ya meno, usipake mafuta, usipake asali. Yametoka malengelenge mawili, kituo cha afya wakaniosha wakafunga, nesi akaniambia wewe wa mafua au wa moto, nikamwambia vyote.

Kwahiyo ukitaka kujifukiza, jifukize, mi sikukatazi, maana raha yake naijua. Utafiti uliofanyika haukuonyesha kwamba mvuke unafupisha mafua, unakupa nafuu ya muda tu pua ikalainika. Ila sufuria ikae chini sakafuni, ndani ya beseni pana, maji yameshaepuliwa yametulia dakika kadhaa, wewe umekaa kwenye kigoda, dakika tano kumi inatosha. Na mtoto usimfunike na nyungu, hata ukimshika. Mtoto anachezacheza, ngozi yake nyepesi, ajali zake nyingi ni hivyo hivyo, sekunde moja. Kama unataka avute mvuke kaa naye bafuni umemwaga maji ya moto ndooni mbali na yeye, inatosha. Na yale mafuta ya mkaratusi ya chupa ni ya kunusa, hayanywewi, kwa mtoto kiasi kidogo tu ni sumu.

Saumu, nimekula. Sina cha kuripoti zaidi ya kiungulia na wanafunzi wa dawati la mbele kuhamia nyuma.

Machungwa pia, kuna imani kwamba ukila machungwa mengi mafua hayakupati. Hii ilikolezwa sana na Mmarekani mmoja, Linus Pauling, mtu aliyepata Nobel mbili, ya kemia 1954 na ya amani 1962, mwaka 1970 akawaaminisha watu wameze vitamini C kwa wingi, na nani atabishana na mtu wa Nobel mbili. Wakaja wengine wakapima kwa miaka mingi, ikaonekana kwa watu wa kawaida haizuii, wale watu wazima wanaoimeza kila siku mwaka mzima mafua yao yanapungua urefu kama asilimia 8, yaani katika siku saba nane unaokoa nusu siku. Ukianza kuimeza ukiwa umeshaumwa ndo hata hiyo nusu haieleweki. We kula chungwa la Muheza kwa sababu ni tamu na lina maji.

Ila supu ya kuku naitetea mpaka mwisho. Kuna daktari Nebraska huko Marekani, Stephen Rennard, mwaka 2000 alitoa utafiti wa supu ya kuku iliyopikwa kwa mapishi ya bibi wa mke wake, bibi wa Kilithuania, akaipima maabara akaona inapunguza mwendo wa zile chembe nyeupe za damu zinazokimbilia kwenye uvimbe na kusababisha pua na koo kuwaka. Ni maabara tu, sio kwa watu, mwenyewe hakusema zaidi ya hapo. Lakini nilifurahi sana kujua kuna profesa kakaa akachukulia supu ya bibi serious. Yangu ilikuwa kuku wa kienyeji jogoo mzee, masaa mawili na nusu kwenye mkaa, tangawizi, saumu, kitunguu, chumvi, pilipili kichaa moja nzima isiyopasuka, ndimu mezani. Na viazi vya huku, maana Njombe huwezi kupika kitu bila kiazi watakushangaa.

Duka la dawa nako nilipita. Miaka ya nyuma nilikuwa nikiumwa mafua nakwenda naomba dawa yenye nguvu, muuzaji ananipa amoksilini, nakunywa siku mbili nikipata nafuu naacha zilizobaki natunza kwenye droo za safari ijayo. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja, hapa duka moja pale duka lingine, na hakuna aliyeniuliza swali. Antibayotiki zinapiga bakteria, kwa kirusi hazina habari, na ile kuzidonoadonoa inawafundisha bakteria wako ubishi, siku ukiumwa kweli hazifanyi kazi. Na kamasi kuwa ya kijani haimaanishi unazihitaji, ni chembe za ulinzi za mwili wako zinafanya kazi, rangi ni yao. Safari hii nilinunua panadol tu, za kichwa na maumivu ya mwili, na piritoni ya usiku, basi. Angalia kitu kimoja: zile dawa za mafua za mchanganyiko nyingi zina parasetamo ndani, ambayo ndo hiyo hiyo panadol, ukimeza na panadol juu yake umejizidishia bila kujua. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500 kwa masaa 24, na ukiwa na ini bovu au mtu wa pombe hata hivyo ni vingi. Watoto usiwape asprini.

Katikati ya hayo yote dada yangu kule Tanga naye akapiga, mwanawe wa miezi saba ana mafua na kikohozi, na jirani kaja kamwambia huyo mtoto kimeo kimerefuka, kuna mzee anakata, elfu tano tu. Nilikaa wima kitandani na kile kidonda changu. Nikamwambia dada, nakuomba, usithubutu. Kimeo hakileti kikohozi. Kile kinyama hata wewe unacho, mtoto akiwa na mafua koo lote limevimba na chenyewe kinavimba kidogo ndo mtu anachungulia na tochi anasema umeona. Wanakata kwa kifaa ambacho hujui kimetoka mdomoni mwa nani, mtoto anamwaga damu, wengine wanapata maambukizi, wengine wanafariki, na kikohozi kiko pale pale. Akasema lakini fulani alikatwa akapona. Nikamwambia fulani angepona hata bila kukatwa, siku saba zilikuwa zimefika!

Nikamwambia mvue nguo ya juu, mwache atulie asiwe analia, weka saa ya simu dakika moja kamili uhesabu kifua kinapanda mara ngapi. Tukakaa kimya kwenye simu, dakika nzima, namsikia anahesabu chini chini na mtoto anakoroma ile ya pua. Thelathini na nane. Hesabu tena. Arobaini. Sawa. Mtoto wa miezi miwili mpaka asiyefika mwaka akifika 50 na kuendelea kwa dakika, au wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 na kuendelea, huyo ni wa hospitali, inaweza kuwa nimonia. Kadhalika akiwa kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu kila akivuta hewa, au hanyonyi, au amelegea hachangamki, au anapata degedege, hapo hamna cha tangawizi wala bibi, ni kubeba na kukimbia. Huyu wake alikuwa ananyonya vizuri ila anaachia achia ziwa kwa sababu pua imeziba, nikamwambia kanunue matone ya maji chumvi ya puani, tone mbili kila tundu kabla ya kunyonya, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Viksi usimpake, hajafika miaka miwili. Kesho yake akanitumia picha mtoto anacheka na kamasi hadi mdomoni. Na yule jirani? Kanuna.

Kwa wakubwa pia kuna mipaka. Influenza yenyewe sio haya mafua yangu, ile inakuja kwa mkupuo, asubuhi mzima mchana umelala kama umegongwa na boda, homa, mifupa yote, na kwa wazee, wajawazito, wenye pumu, kisukari, selimundu au wanaotumia dawa za HIV sio ya kusubiria nyumbani na uji. Homa na mwili kuuma kwa nchi yetu pia inaweza ikawa malaria, kapime, kile kipimo cha kidole dakika kama ishirini una jibu, usijipe moyo kwamba ni mafua tu kwa sababu pua inatoka. Ukishindwa kupumua, kifua kinabana, unakohoa damu, au ulianza kupona afu homa ikarudi upya, nenda. Na kikohozi kikifika wiki mbili hakijaisha kapime TB, ni bure, haina aibu. Mi siku ya kumi na nne ikifika nakohoa bado naenda kutema makohozi yangu kwenye kikopo kama kila mtu.

Paja linaendelea vizuri, ngozi mpya imeanza kutoka ya pinki.

Jioni hii mama mwenye nyumba kaja kunijulia hali, kakuta napika ule uji, kanusa, kauliza umetia nini mwalimu. Nikampa kikombe. Kanywa, kakohoa, machozi, kanyamaza, kaniangalia, akanywa tena. Akasema huu si uji huu ni adhabu, afu akaomba wa kupeleka kwa mzee wake ndani, naye tangu jana anapiga chafya. Pilipili manga zimebaki punje kama thelathini. Nimemtumia mama meseji atume nyingine, kajibu kwa voisi, sauti imekauka, pua imeziba, anasema kesho kutwa, leo hajisikii vizuri. Nimemuuliza mama, umelala kifua wazi? Hajajibu mpaka sasa.